Ngozi ya uso ikianza kulegea: yanayosaidia bila kisu, na yanayokula pesa bure

Swali linalonijia zaidi siku hizi kutoka kwa akina mama wa rika langu, wenye miaka arobaini na kitu, ni moja: mashavu yameanza kushuka, mstari wa taya hauonekani kama zamani, je, kuna tiba bila kupasuliwa? Nimeulizwa Mombasa, nimeulizwa Malindi, na sasa naulizwa hapa Nkubu, kaunti ya Meru, ninakoishi tangu mume wangu alipohamishiwa kazi. Jibu fupi ni kwamba tiba ipo, lakini kazi yake ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Na kwa mtu aliye mji kama huu, mengi yanayosaidia hayahitaji mashine wala safari ya Nairobi.

Tuanze na kinacholegea. Uso si ngozi peke yake. Chini ya ngozi kuna mafuta, chini ya mafuta kuna utando na misuli, na chini ya yote kuna mfupa. Ngozi yenyewe inashikiliwa na nyuzi mbili za protini: kolajeni, inayoipa uimara, na elastini, inayoirudisha mahali pake ikivutwa, kama lastiki ya suruali. Kolajeni hupungua tangu ujana, takriban asilimia 1 kila mwaka. Kwa mwanamke kipo kipindi hupungua mbio: hedhi ikikatika kwa umri, miaka 5 ya mwanzo huweza kuondoka na karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi. Ndiyo maana mtu hutazama picha ya harusi ya juzi tu akajiona kama si yeye.

Lakini mafuta ya mashavuni nayo hukonda, na yaliyobaki huteremka. Mfupa wa taya na ule wa chini ya jicho hupungua pia. Fikiria hema la matanga: nguzo zikifupika, turubai litalegea hata kama ni jipya. Krimu hufika kwenye turubai tu. Nguzo haizigusi. Ukilishika hili, matangazo mengi utayajua yanasema uongo kabla hujamaliza kuyasoma.

Sisi watu weusi tuna neema fulani. Melanini hutukinga na jua, na mikunjo midogo midogo hutuchelewa kwa miaka mingi ukilinganisha na Wazungu. Kwetu umri hujionyesha katikati ya uso: shavu kushuka, mfereji kutoka puani hadi mdomoni kuingia ndani, na vifuko chini ya macho. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa hana mkunjo hata mmoja pembeni ya jicho na bado akaonekana amechoka.

Kujipima ni rahisi. Chukua kioo cha mkono, jitazame ukiwa umeketi wima, kisha ulale chali ujitazame tena. Kama ukilala uso unarudi ulivyokuwa miaka kumi iliyopita, basi tatizo ni ulegevu. Ukiwa umeketi, kama mstari wa taya bado unafuatika kwa jicho ila kuna vifuko vidogo pande mbili za kidevu, huo ni ulegevu mdogo, na ndio ninaouzungumzia hapa. Ngozi ya shingo ikiwa inaning'inia, hakuna mashine itakayoipandisha, na daktari mkweli atakwambia hivyo kabla hajapokea shilingi yako.

Kushuka kusikokuwa kwa umri

Kuna uso unaoshuka ambao haufai kupelekwa saluni hata kidogo. Uso ukishuka upande mmoja, kwa saa au kwa siku moja, mdomo ukaenda kombo, jicho likakataa kufumba, hiyo si ngozi. Inaweza kuwa kiharusi, na inaweza kuwa kupooza kwa mshipa wa fahamu wa uso. Kiharusi kinahesabiwa kwa dakika. Kupooza kwa mshipa wa uso kuna dawa zinazofanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72. Kwetu Pwani mtu wa namna hii huambiwa amepigwa na upepo mbaya, akafukizwa ubani siku tatu, na saa zote hizo zikapita. Dua isomwe akiwa njiani kwenda hospitali. Hapa Nkubu kuna hospitali ya misheni ya Consolata, na mjini Meru kuna hospitali ya kaunti. Kwengine nenda iliyo karibu nawe.

Vilevile uso uliokonda ghafla pamoja na mwili wote, huku mtu ana kiu na anaenda haja ndogo mara kwa mara, unataka kupimwa sukari. Usianze na krimu.

Na kuna meno. Hili sijaona linaandikwa, na kwa watu wengi ninaowaona ndilo kubwa kuliko kolajeni. Ukiwa umeng'olewa magego ya juu na chini pande zote, shavu halina cha kuliegemeza, na mfupa wa taya uliokosa meno huendelea kuyeyuka mwaka baada ya mwaka. Umbali baina ya pua na kidevu hufupika, midomo huingia ndani, na ngozi iliyobaki hujikunja. Nimemwona bibi mmoja jirani yangu hapa baada ya kutiwa meno ya bandia; wajukuu walimwambia amerudi kijana, na hakuna aliyegusa ngozi yake. Meno ya bandia si bei ya mchicha, lakini humpa mtu uso na vilevile humpa kutafuna nyama. Kabla ya kuulizia mashine, fungua kinywa uhesabu.

Jua la Nkubu

Sisi Wapwani tukisikia Meru twawaza miraa. Miraa ni ya Igembe na Tigania, huko upande wa Maua. Nkubu iko Imenti Kusini, na hapa ni ndizi, kahawa na chai. Watu wanashinda shambani, na hewa ni ya baridi, na baridi hiyo ndiyo inayodanganya.

Mstari wa ikweta unapita baina ya Nkubu na mji wa Meru. Jua hapa liko utosini mwaka mzima kama lilivyo Mombasa. Zaidi ya hapo, tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila mita 1,000 unazopanda, miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Miale hiyo haina joto unaloweza kulisikia. Hupenya wingu jepesi. Kwa hiyo Mpwani anayehamia huku akaacha mwavuli wake kwa sababu hatoki jasho anachomwa zaidi kuliko alivyokuwa Likoni, na hajui.

Miale hii ndiyo inayokata kolajeni na elastini. Mwaka 2012 jarida la matibabu la New England lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani mwenye miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28. Upande wa uso uliokuwa dirishani umejaa mikunjo minene na kulegea. Upande wa pili ni wa mtu mwingine kabisa. Kioo cha dirisha kilizuia miale inayobabua, kikaacha kupita ile inayozeesha. Yeye alikuwa upande wa kushoto wa gari. Sisi usukani uko kulia, kwa hiyo madereva wetu wa matatu wa barabara ya Meru na Embu wajitazame shavu la kulia.

Ushahidi wa kinga upo pia. Huko Nambour, Australia, watu 903 walio chini ya miaka 55 waligawanywa kwa kura, baadhi wakaambiwa wapake losheni ya kukinga jua kila siku, wengine waendelee kama walivyozoea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: baada ya miaka 4 na nusu, waliopaka kila siku walikuwa na uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24. Hakuna krimu ya kuinua uso niijuayo iliyopimwa kwa watu wengi kiasi hicho na kwa muda mrefu hivyo.

Tafuta yenye kinga ya 30 au zaidi, upake ya kutosha usoni, masikioni na shingoni, urudie ukitoka jasho au ukitawadha. Naam, udhu huondoa losheni, na mwenye kuswali Adhuhuri na Alasiri apake tena baada ya kila swala. Kwa ngozi nyeusi zile zenye rangi ya hudhurungi ni bora, maana haziachi uso mweupe kama wa mtu aliyemwagikiwa unga, na chuma kilichomo hukinga madoa. Asiyeweza kununua losheni avae kofia pana, achukue mwavuli, akae kivulini baina ya saa nne na saa tisa. Ushungi peke yake haufuniki shavu. Wavaao ninja wamekwisha jikinga bila kuambiwa na daktari.

Krimu, liwa na mkorogo

Liwa naipenda, na singo naipenda zaidi. Liwa hupoza na kunukia, singo hutoa taka na ngozi iliyokufa, na mafuta ya nazi hushika maji yasitoke. Uso uliosingwa hung'aa, na uso unaong'aa huonekana mbichi. Lakini hakuna hata kimoja kinachoinua shavu. Anayetia ndimu kwenye singo aache: maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha baka jeusi la miezi.

Dawa ya kupaka yenye ushahidi wa miaka mingi ni tretinoini, ya jamii ya vitamini A. Daktari Albert Kligman wa Philadelphia, aliyekuwa akiitumia kwa chunusi, aliandika katika miaka ya 1980 kwamba inaamsha kolajeni kwenye ngozi iliyoharibiwa na jua. Hufanya kazi polepole, miezi sita na zaidi. Hunyoosha mikunjo midogo na kuipa ngozi unene. Kwa shavu lililoshuka msaada wake ni mdogo. Mwanzo huchubua na kuwasha, na kwa ngozi nyeusi mwasho huacha madoa, kwa hiyo huanzwa kidogo kidogo, usiku, mara mbili kwa wiki. Mjamzito na anayetafuta mimba asiiguse. Ni dawa ya daktari, si kipodozi cha kuazimana.

Mkorogo ni jambo jingine, na nautaja hapa kwa sababu maalumu. Krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa sokoni bila maandishi ya kueleweka zina steroidi kali. Steroidi ikipakwa usoni miezi na miaka huikonda ngozi, ikawa kama karatasi ya sigara, mishipa ikaonekana, na ngozi iliyokonda hulegea haraka. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo. Nchi zilizotia sahihi Mkataba wa Minamata, wa mwaka 2013, zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki. Mtu aliyejichubua miaka kumi kisha akaenda kulipia mashine ya kukaza uso anajaza maji pipa lililotoboka. Na asiache steroidi ghafla peke yake. Amwone daktari, kwani ngozi hulipuka.

Mazoezi ya uso? Chuo Kikuu cha Northwestern cha Chicago kilijaribu mwaka 2018. Wanawake 27 walianza, 16 tu wakamaliza wiki 20, nusu saa kila siku mwanzoni. Mashavu yalijaa kidogo. Watu 16 ni wachache mno, lakini ni bure. Kolajeni ya unga ya kunywa si bure, na tafiti nyingi zinazoisifu zimelipiwa na wanaoiuza. Halafu sisi tusome pakiti: hutengenezwa kwa ng'ombe, samaki, au nguruwe.

Mashine za joto

Tumefika kwenye tiba zinazotangazwa. Wazo lake ni moja: ukiipasha moto kolajeni iliyo ndani kufikia nyuzi joto 60 hadi 70 hivi, hujikunyata papo hapo, kisha mwili, ukidhani umeumia, hutengeneza kolajeni mpya kwa miezi mitatu hadi sita. Kazi yote ni kufikisha joto ndani bila kuunguza ngozi ya juu.

Mashine za mawimbi ya redio ndizo zilizotangulia. Ile iitwayo Thermage ilikubaliwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 2002 kwa mikunjo ya macho, na miaka miwili baadaye kwa uso mzima. Baadaye ikaja Ulthera, inayotumia mawimbi ya sauti yaliyokusanywa mahali pamoja, kama vile kioo kinavyokusanya jua likaunguza karatasi. Hii ilikubaliwa mwaka 2009 kwa kuinua nyusi na mwaka 2012 kwa chini ya kidevu na shingo. Hupiga kina cha milimita 1.5, 3 au 4.5, na hicho cha mwisho hufikia ule utando ambao madaktari wa upasuaji huuvuta wakikaza uso.

Kwetu zina faida moja kubwa. Leza nyingi hutafuta rangi, na ngozi nyeusi ina rangi nyingi, kwa hiyo huungua. Mawimbi ya redio na ya sauti hayatafuti rangi. Kwa ngozi yetu, mashine hizi zikishikwa na mjuzi ni salama kuliko leza.

Na matokeo? Kwa ulegevu mdogo, mtu mwenye bahati hupata taya iliyochongeka kidogo na nyusi zilizopanda milimita moja mbili, kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Wengine hawaoni tofauti yoyote. Hakuna anayeweza kukwambia mapema utakuwa kundi gani, na pesa hairudi. Nairobi na Mombasa kikao kimoja ni makumi ya maelfu ya shilingi. Mimi kwa fedha hizo ningeanza na meno.

Madhara yapo: kuungua, madoa, ganzi ya wiki kadhaa, mdomo kwenda kombo kwa muda mshipa wa fahamu ukiguswa. Baya zaidi kwa mwenye uso mwembamba ni mafuta kuyeyuka, na uso uliopoteza mafuta hulegea kuliko ulivyokuwa. Aliyewekewa betri ya moyo asikaribie mawimbi ya redio. Kuna nyingine inayounganisha mawimbi ya redio na sindano nyingi ndogo ndogo. Oktoba 2025 FDA ilitoa tahadhari juu yake baada ya kupata taarifa za kuungua, makovu na mafuta kuyeyuka.

Mashine za mawimbi ya sauti za bei nafuu, bila jina la kueleweka, zimeenea kwenye saluni. Niliingia moja, mji siutaji, nikamuuliza binti aliyekuwa akiitumia: "Mwanangu, hapa unapiga kina gani?" Akanijibu, "Mama, inategemea unavumilia uchungu kiasi gani." Nilimshukuru nikatoka.

Sindano na nyuzi

Sindano ya Botox hulegeza misuli; haikazi ngozi. Husaidia kidogo kwa kuilegeza misuli ya shingo inayoivuta taya chini, na mwaka 2024 FDA iliikubali kwa mistari ya shingo. Hukaa miezi mitatu minne. Dawa hii huhifadhiwa kwenye baridi, kwa hiyo ya mkobani haifai.

Sindano za kujaza, nyingi zikiwa za asidi ya hayaluroni, hurudisha nguzo za lile hema. Hatari yake ni kuziba mshipa wa damu: ngozi hufa, na mara chache jicho hupofuka. Ikizibika kuna dawa ya kuyeyusha asidi hiyo, lakini lazima iwepo chumbani saa ileile. Uliza: "Dawa ya kuyeyusha mnayo? Nionyesheni." Asiyekuonyesha, shika mkoba wako. Silikoni na mafuta yasiyojulikana hayayeyushwi na chochote.

Nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi na kuivuta juu ni za aina ileile ya uzi wa kushonea ndani ya mwili, nazo huyeyuka kwa miezi sita hivi. Huonekana mara moja, hupungua mapema, na ngozi zetu zina tabia ya kufanya makovu manene yanayovimba. Mwenye kovu kama hilo sikioni au kifuani aziache.

Hapa yafaa kukumbuka kwamba si kila anayetafuta tiba hizi anafuata urembo. Miaka ya 2000 wagonjwa wengi wa Ukimwi Afrika Mashariki walitumia stavudini. Iliokoa maisha, lakini ilikula mafuta ya uso: mashavu yakaingia ndani, na majirani wakajifunza kuusoma uso huo. Uso ukatoa siri ambayo mdomo haukuitoa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo iachwe taratibu. Sindano iitwayo Sculptra, inayouzwa leo kwa wanaotaka kuonekana vijana, FDA iliikubali kwanza mwaka 2004, na ilikuwa kwa ajili ya nyuso hizo. Wetu wengi hawakuipata. Wapo wanaoishi na nyuso hizo mpaka leo, na mmoja wao akikuuliza habari za tiba usimcheke.

Dini inasemaje

Mimi si mwanachuoni, nanukuu waliotafiti. Mwezi wa Julai 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, likatoa azimio namba 173 kuhusu upasuaji wa urembo. Liliruhusu kurekebisha kasoro ya kuzaliwa nayo, ya ajali, ya moto au ya maradhi. Likasema haifai kuondoa mikunjo kwa upasuaji au sindano isipokuwa iwe ni hali ya ugonjwa, na kwa sharti la kusalimika na madhara. Msingi wa ruhusa ni hadithi mashuhuri ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Msingi wa katazo ni hadithi ya Ibn Mas'ud kuhusu wanaobadilisha umbo kwa ajili ya uzuri.

Kwa hiyo aliyeliwa mashavu na dawa na aliyefika miaka 45 salama salimini hawako kwenye mlango mmoja. Losheni ya jua, meno na liwa sijasikia vikikatazwa na yeyote. Kuhusu mashine za joto, muulize sheikh wako, umweleze kwa ukweli kinachofanyika na kwa nini unakitaka.

Jambo la udhu nalo halielezwi kliniki. Baada ya sindano na nyuzi huambiwa usiguse uso kwa maji kwa saa kadhaa, na usiukandamize kwa siku kadhaa, na sijida ni kukandamiza paji na pua. Aliyeamua kufanya, bora apange siku zake za hedhi, ajiepushe na mkanganyiko.

Nani ameshika mashine

Leseni ya biashara ya kaunti haimruhusu mtu kudunga sindano. Kudunga ni kazi ya tiba, na wanaoifanya husajiliwa na mabaraza yao. Madaktari na vituo vya afya huwa chini ya KMPDC, ambayo ina orodha kwenye tovuti yake. Tafuta jina la daktari na jina la kituo, yote mawili, na uangalie leseni ni ya mwaka huu. Dawa na vifaa vya tiba viko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Chupa ifunguliwe mbele yako, nawe upige picha ya jina na namba yake. Namba hiyo ndiyo utakayoihitaji siku likitokea jambo.

Piga na picha ya uso wako kabla: dirisha lilelile, saa ileile, bila kutabasamu, mbele na pande mbili. Rudia baada ya miezi mitatu na baada ya sita. Bila picha utaamini unachoambiwa na uliyemlipa.

Kwa aliye Nkubu, daktari bingwa wa ngozi mara nyingi maana yake ni Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kupitia Chuka na Embu, kwenda na kurudi, na pengine kulala. Piga simu kwanza. Uliza ada ya kumwona daktari ni ngapi, na kama ni hiyo hiyo hata akikwambia huhitaji kufanyiwa chochote. Waulize pia ni nani atakayekushika uso: daktari mwenyewe, au msaidizi wake.